Habari ya bushi za resori katika pikapu ya zamani

Katika masomo haya tumezoea kusema habari ya mihogo, mahindi, njugu na mbuzi. Leo tunasema habari ya gari. Usishangae. Mahindi yakiisha kukauka na kutiwa katika magunia, kazi ya mkulima haijakwisha. Bado kuyafikisha pahali pa kuuza. Mahindi yaliyobaki kijijini yanaliwa na fukusi na panya, na mwenyewe hapati feza ya kulipa masomo ya watoto wake.

Sisi wa Sanga na vijiji vya Kamina tuna reli karibu. Ilifika Bukama katika mwaka 1918, ikapita Kamina, ikamalizika mpaka Ilebo katika mwaka 1928. Mahindi mengi ya Haut-Lomami huenda Kasai kwa njia hiyo. Lakini reli haifiki shambani. Kati ya shamba na stesheni kuna njia ya udongo mwekundu, mashimo, na madaraja ya miti. Hapo wengine hubeba magunia kwa baisikeli, na wengine hukodi pikapu ya zamani, Hilux au Land Cruiser iliyokwisha kufanya kazi miaka 20 au 30. Mara nyingi gari ni moja tu kwa vijiji vingi. Gari hilo hubeba mahindi, hubeba mbolea, hubeba na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa kwenda hospitali. Likilala, wote wanalala.

Katika gari hilo mna vipande vidogo vya mpira ambavyo watu hawaviangalii, kwa maana havionekani. Mafundi wa Katanga huviita silambloki, kwa neno la Kifaransa. Wengine, hasa upande wa Tanzania, huviita bushi. Sisi hapa tutasema bushi. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja. Lakini zikiisha, zinaharibu tairi, zinaharibu vyuma, na zinaweza kutupa gari nje ya njia pamoja na watu walioketi juu ya magunia. Soma polepole, kisha mwonyeshe na shofere.

1. BUSHI NI KITU GANI?

Angalia goti la mbuzi unapomchinja. Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini, cheupe, chenye kuteleza. Kama kitu kile hakipo, mfupa unasaga mfupa, na mbuzi anachechemea. Bushi ni vile vile. Inakaa kati ya chuma na chuma, pahali ambapo vyuma viwili vinaunganishwa, navyo lazima vichezecheze kidogo.

Zamani, kabla ya mpira kuenea katika magari, watu walitia pale bomba fupi la shaba nyeusi, wakalipaka grisi kila mara. Malori mengine makubwa yangali hivyo hata leo. Shaba ni kazi nzuri, lakini mwenye gari akisahau grisi, shaba inalika upesi, na vyuma vinapiga kelele. Mpira hautaki grisi. Hauteleza, unajikunja, kisha unarudi pahali pake. Tena unameza mtetemo wa njia usifike katika shasi.

Mpira wa namna hii hutoka katika maziwa ya mti, au hutengenezwa katika viwanda kwa mafuta ya petroli. Mpira mtupu ni dhaifu: katika joto unanata, katika baridi unakauka. Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aliona katika mwaka 1839 ya kuwa mpira ukichanganywa na kiberiti cha unga na kupikwa kwa moto, unapata nguvu na kubaki laini. Ndio mpira wa bushi. Kumbuka neno hili, kwa sababu mpira huo una adui zake, nasi tutawataja mbele.

2. ZINAKAA WAPI, NAZO NI NGAPI?

Lala chini nyuma ya pikapu, gari likiwa limesimama imara, uangalie. Utaona ekseli, yaani chuma kikubwa kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Juu yake au chini yake utaona resori, ambazo wengine huziita springi: vyuma vyembamba virefu, kimoja juu ya kingine. Chuma kilicho kirefu kupita vyote kimeviringwa katika ncha zake mbili, kikafanya tundu. Tundu hilo tutaliita sikio la resori.

Sikio la mbele limeshikwa katika shasi kwa pini moja. Sikio la nyuma halikushikwa katika shasi moja kwa moja. Limening'inizwa kwa vyuma viwili vifupi vinavyoitwa jumela. Sababu ni hii: resori ikibebeshwa mzigo inanyooka na kuwa ndefu kidogo, basi jumela inaipa nafasi ya kwenda nyuma na kurudi.

Bushi zinakaa katika sikio la mbele, katika sikio la nyuma, na katika tundu la shasi pale juu ya jumela. Katika pikapu nyingi za zamani za Toyota kila tundu lina vipande 2 vya mpira, kimoja kinaingia upande huu na kimoja upande ule. Basi resori moja ina vipande 6, na ekseli ya nyuma ina vipande 12. Kama gari lina resori za namna hii hata mbele, jumla ni 24. Magari mengine yana bushi nzima moja, yenye bomba la chuma ndani, na pengine bomba la chuma nje. Kwa hiyo usinunue kwa kusikia tu. Hesabu zile za gari lako kwanza.

Tena kuna bushi ndogo katika ncha za amortisa, yaani yale mabomba yanayozuia gari lisirukeruke. Na katika magari ambayo magurudumu ya mbele hayana ekseli nzima, mna mikono ya chuma yenye bushi zake.

3. KWA NINI ZINAKUFA UPESI KATIKA INCHI YETU?

Sababu ya kwanza ni mzigo. Pikapu nyingi za namna hii zilitengenezwa kubeba kadiri ya tani moja, na nyingine chini yake. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani moja kamili. Watu wakipanda juu, kama 6 wa kilo 60, umeongeza kilo 360. Kisha kuna mihogo, kuku, na dumu za mafuta. Gari linakwenda, ndiyo, lakini bushi zinakamuliwa kila shimo.

Sababu ya pili ni vumbi na matope. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu linaingia kati ya mpira na pini, na linasaga kama msasa. Mvua ikianza, maji yanaingia pale pale, pini inashika kutu, na kutu nayo inasaga.

Sababu ya tatu ni mafuta. Injini kuukuu inavuja, ekseli inavuja, na mafuta yanatiririka juu ya bushi. Mpira unayanywa, unavimba, unakuwa laini kama muhogo uliooza.

Sababu ya nne ni umri. Mpira unazeeka hata gari likiketi bure. Unakuwa mgumu, unapasukapasuka.

4. DALILI ZA BUSHI ZILIZOKWISHA

Gari lenyewe linasema. Sikiliza na kuangalia hivi:

Moja. Ukipita polepole katika vishimo vidogo, unasikia chini ko-ko-ko, chuma juu ya chuma.

Mbili. Ukitia moto, sehemu ya nyuma inakwenda kidogo upande mmoja; ukiacha, inarudi. Shofere anageuzageuza usukani katika njia iliyonyoka.

Tatu. Tairi zinalika upande mmoja upesi.

Nne. Karibu na sikio la resori unaona unga mwekundu wa kutu, au chuma kilichong'aa kwa kusuguana, au mpira umetoka nje kama ulimi.

Tano. Resori imeegemea jumela ya upande mmoja, haikai katikati.

Sikia vizuri hatari yake. Ekseli ya nyuma ya pikapu ya namna hii haikushikwa na kitu kingine kikubwa ila resori zake. Kama bushi ya mbele ya resori ya kushoto imekwisha, na pini ina nafasi ya sentimeta moja, ekseli nayo inaweza kwenda mbele na nyuma sentimeta moja kwa upande huo. Basi magurudumu ya nyuma hayafuati tena yale ya mbele. Katika njia pana shofere anasumbuka tu. Lakini fika penye daraja la miti miwili, juu ya mto uliojaa, gari limebeba magunia na watu. Shofere analenga magurudumu ya mbele juu ya miti, na yale ya nyuma yanapita pengine. Kosa la sentimeta chache ni kifo.

5. NAMNA YA KUPIMA

Usiamini sikio tu. Pima.

Weka gari pahali sawasawa. Tia mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu mmoja asimame kando, akiyumbishe kisanduku cha pikapu kulia na kushoto. Wewe uangalie kutoka kando, usiingie chini. Kama sikio la resori linaruka, na pini haitembei pamoja nalo, bushi imekwisha.

Kisha chukua mtaimbo mfupi. Tia ncha yake kati ya sikio na chuma cha shasi, ukaze kidogo. Mpira mzima unakubali kidogo na kurudi. Mpira uliokufa unaachia, na unaona nafasi wazi.

Kipimo cha tatu hakitaki feza. Kata fimbo iliyonyoka. Upande wa kulia, pima kutoka pini ya mbele ya resori mpaka katikati ya ekseli, utie alama katika fimbo. Peleka fimbo ile ile upande wa kushoto. Alama zisipokutana, ekseli imekwenda upande. Pengine ni bushi. Pengine ni boliti ya katikati ya resori iliyokatika. Angalia yote mawili.

6. VITU VYA KUTAYARISHA

Tayarisha kriki moja yenye nguvu, na ikiwezekana mbili, magogo manne ya mti mgumu, yaliyokatwa sawasawa juu na chini, spana za kipimo cha nati zako, nyundo, mtaimbo, msumeno wa chuma, kisu, brashi ya waya, msasa, na ndoo ya maji yenye sabuni.

Kisha bushi zenyewe. Njia ya kwenda Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 400, basi usimtume mtu kwa maneno matupu. Mpe bushi kuukuu mkononi, na namba ya shasi katika karatasi. Apime upana wa nje, upana wa tundu la ndani, na urefu. Anunue na pini mpya kama za zamani zimelika, na nati mpya. Anunue za pande zote mbili, kulia na kushoto. Ukitia mpya upande mmoja tu, gari litakuwa kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja.

7. USIINGIE CHINI YA GARI KABLA YA KUSOMA HAPA

Kriki ni ya kuinua. Kriki si ya kushikilia. Mtu anayelala chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake ameweka roho yake juu ya kitu chembamba cha chuma. Matofali nayo usiyatumie: tofali linapasuka bila kusema neno.

Chagua pahali pagumu na sawasawa, si penye mchanga. Funga magurudumu ya mbele kwa magogo, pande zote mbili. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Kisha inua, na utie magogo chini ya shasi, mbele kidogo ya sikio la mbele la resori, kulia na kushoto. Telemsha kriki mpaka shasi ilale juu ya magogo. Sukuma gari kwa mkono. Likitikisika, anza tena.

Sasa toa gurudumu, na weka kriki chini ya ekseli. Kriki hii haibebi gari. Inashika ekseli tu, ili resori isivutwe juu wala chini. Hapo ndipo pini inatoka bila vita. Resori iliyokazwa ina nguvu ndani yake. Ukitoa pini ikiwa imekazwa, itaruka na kuvunja mkono. Telemsha au inua kriki kidogo kidogo mpaka jumela iwe laini katika mkono. Angalia tena bomba la mpira la breki lisinyoshwe.

8. KAZI YENYEWE

Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uende upande wa pili. Na katika upande huo fanya ncha moja kwanza, kisha ncha nyingine. Ukifanya hivyo ekseli inabaki pahali pake, nawe huna haja ya kufungua zile boliti zenye umbo la herufi U.

Siku moja mbele, piga brashi nati zote, uzidondoshee mazuti kidogo pamoja na mafuta ya injini, zilale usiku. Kesho yake futa yote vizuri.

Fungua ncha ya chini ya amortisa. Fungua nati za jumela, uondoe chuma cha upande. Sukuma jumela itoke. Kama pini imeshikwa na kutu, usipige nyuzi zake kwa nyundo. Rudisha nati mpaka isawazane na ncha ya pini, weka kipande cha mti mgumu juu yake, ndipo upige.

Sasa sikio la nyuma la resori limeshuka. Toa mpira kuukuu. Ule wa vipande 2 hukatwa kwa kisu na kutolewa. Ule wenye bomba la chuma la nje hautoki hivi. Pitisha ubao wa msumeno ndani ya tundu, ukate bomba lile mstari mmoja, polepole, mpaka liachie. Usikate sikio lenyewe.

Mafundi wengine huchoma mpira kwa moto ili utoke upesi. Usifanye. Chuma cha resori kilipata nguvu yake kwa kupikwa na kupozwa kwa kipimo. Moto wako unaiondoa nguvu ile, na sikio linaweza kukatika njiani. Na moshi ule ni mbaya kwa mapafu.

Safisha sikio kwa brashi na msasa mpaka ling'ae. Tia kidole, upapase. Kama tundu limekuwa refu upande mmoja kama yai, bushi mpya haitakaa. Resori hiyo lazima iende kwa fundi, au ibadilishwe. Papasa na pini. Kama ukucha wako unashikwa katika mfereji, pini imekwisha. Bushi mpya juu ya pini mbovu ni kama kutia maji katika mtungi uliotoboka.

Sasa chovya bushi mpya katika maji ya sabuni. Sabuni tu. Usitie grisi, wala mafuta ya injini, wala mazuti, wala esanse. Hata mafuta ya ngazi usitie. Vitu hivi vyote ni maadui wa mpira, nawe utakuwa umeua bushi kabla haijafanya kazi. Maji ya sabuni yanaiteleza sasa, kisha yanakauka na kuacha mpira ushike.

Bushi za vipande 2 huingia kwa mkono, moja kila upande. Ile ya bomba la chuma huvutwa kwa boliti ndefu: upande mmoja weka washa pana inayosukuma bushi, upande wa pili weka kipande cha bomba kipana kuliko bushi, kisha kaza nati polepole. Bushi itaingia imenyoka. Fundi mwenye jiriwa kubwa anaweza kuisukuma kwa jiriwa. Usipige mpira kwa nyundo, wala bomba lake la ndani. Ukisukuma, sukuma bomba la nje.

Rudisha jumela, na chuma chake cha upande, na nati. Kaza kwa mkono tu, mpaka nati iguse. Usizidi hapo. Kisha fanya hivyo hivyo sikio la mbele. Rudisha amortisa. Rudisha gurudumu. Nenda upande wa pili.

9. KAZA MWISHO, GARI LIKIWA CHINI

Kama utasahau yote, usisahau hili. Ndipo watu wengi wanapoteza bushi mpya katika muda mfupi, kisha wanasema duka liliwauzia kitu kibovu.

Nati za bushi hazikazwi gari likiwa limeinuliwa. Zinakazwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake manne.

Sababu ni nini? Chukua kitambaa, ushike ncha moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto. Ukisokota kidogo kulia na kidogo kushoto, kitambaa hakipati taabu. Lakini ukisokota kwanza upande mmoja mpaka karibu na mwisho, ndipo uanze kukisokota tena upande ule ule, kinapasuka. Bushi ni vile vile. Nati ikikazwa, inashika sehemu ya ndani ya bushi. Sehemu ya nje inashikwa na sikio la resori. Mpira wa katikati unasokotwa kila resori inapopanda na kushuka. Ukikaza wakati gurudumu linaning'inia, mpira unafikiri hapo ndipo nyumbani kwake. Ukishusha gari, umekwisha kuusokota. Ukitia magunia, umeusokota zaidi. Likija shimo, hauna nafasi tena, unachanika.

Basi fanya hivi. Shusha gari. Toa kriki na magogo. Kaza nati za magurudumu. Panda nyuma ya pikapu na mwenzako, mrukeruke mara kadhaa, au lisukume gari mbele na nyuma, ili resori zikae pahali pake. Ndipo uzikaze nati zote za pini na za jumela kwa nguvu inayoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Kama hamna nafasi ya kufikia nati, endesha gari juu ya magogo mapana, magurudumu yote manne, lakini usiliinue kwa shasi.

10. MPIRA WA TAIRI KUUKUU, NA BUSHI ZA PLASTIKI NGUMU

Vijijini mafundi hukata bushi katika tairi kuukuu. Si ujinga, ni akili ya mtu aliye mbali na duka. Lakini ujue kazi yake. Kipande kile hakikufanywa kwa kipimo, mna nyuzi ndani yake, na kinalika upande mmoja. Ni dawa ya kukufikisha nyumbani, polepole, bila mzigo na bila watu juu. Si dawa ya msimu mzima wa mahindi. Ukikitia leo, agiza bushi za kweli leo hii.

Katika maduka kuna na bushi za plastiki ngumu, ya poliyurethani, mara nyingi zina rangi nyekundu, njano au buluu. Hizi haziogopi mafuta kama mpira, na zinaweza kudumu. Lakini ni ngumu, zinapeleka mtetemo katika shasi, na nyingi zinataka grisi yake ya pekee. Hizi huzunguka juu ya pini, hazisokotwi; kwa hiyo vumbi likiingia na grisi ikikauka, zinalia na kusaga pini. Mwenye kuzitia akubali kazi ya kuzifungua na kuzipaka.

11. BAADA YA KAZI

Siku ya kwanza nenda bila mzigo, njia fupi. Rudi, gusa kila nati kwa spana. Baada ya kilometa 100 gusa tena. Kisha pima ekseli kwa ile fimbo yenye alama, kulia na kushoto. Kama umebadilisha bushi za mikono ya mbele, magurudumu ya mbele lazima yapimwe na fundi, yaelekee sawasawa. Usipofanya hivyo, tairi mpya zitaisha upesi.

Tena uwe na siku mbili katika mwaka za kuangalia chini ya gari. Ya kwanza ni mwezi wa nne, mvua zinapokwisha, kabla mahindi hayajaanza kusafiri. Ya pili ni mwezi wa tisa, kabla mvua hazijarudi na mito haijajaa. Osha matope katika masikio ya resori na jumela. Ziba mahali mafuta yanapovuja. Piga bushi jicho moja moja.

Na wewe mkulima usiye na gari, jambo hili linakuhusu pia. Wewe ndiwe unayepanda juu ya magunia. Kabla ya kupakia, inama, angalia sikio la resori. Ukiona mpira umetoka nje kama ulimi, na chuma kinang'aa, mwambie shofere kwa heshima: «Baba shofere, bushi hizi zimekwisha. Tupakie magunia machache, watu wapite daraja kwa miguu, na kesho zitengenezwe.» Shofere mwenye akili hatakasirika. Gunia lililochelewa siku moja linauzwa kesho. Mtu aliyeanguka mtoni hauzwi wala hanunuliwi.